Kwa wazazi na walimu vijana wa Kigoma: mtoto akigeuza b ikawa d, hiyo fimbo wekeni chini

Marahaba wanangu, najua mshaniamkia kimoyomoyo. Mie mwalimu mstaafu wa hapa Ujiji, nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi mpaka koo likakauka kwa vumbi la chaki, na hapa naandika kwa simu ya mjukuu kwahiyo mkiona makosa msinicheke.

Kuna kitu kinanikaa rohoni. Zamani nilikua nachapa watoto kwa b na d. Mtoto kaambiwa andika baba, kaandika dada, darasa zima linacheka na mie nishanyanyua fimbo, nikidhani ni uzembe.

Sasa mjukuu wangu anayesoma chuo kanieleza mambo ya ubongo nkabaki mdomo wazi. Maandishi yana kama miaka 5,000 tu, ubongo wa binadamu haujazaliwa na chumba cha kusomea. Mtoto akijifunza herufi inabidi aazime kipande upande wa kushoto, huko nyuma kwa chini, ambacho kazi yake ni kutambua sura na vitu, kinapewa kazi mpya. Mfaransa mmoja Stanislas Dehaene na wenzie mwaka 2010 walitoa matokeo ya kupiga picha ubongo wa watu wazima wa Brazil na Ureno, wengine hawajui kusoma kabisa, wengine wamejifunza ukubwani, na hao wa ukubwani nao kile kipande kinaamka wakiona maandishi. (Nyie mnaosema bibi kashazeeka hafundishiki, mmesikia.)

Shida ya b na d inaanzia hapo. Kipande kile kimezoea kwamba kitu kikigeuka kinabaki kilekile. Dagaa akiangalia kushoto ni dagaa, akiangalia kulia ni dagaa, na boti ya Kibirizi ikienda au ikirudi ni ileile. Bila hivyo tungepotea kila siku. Halafu ghafla mtoto wa miaka sita anaambiwa hapana, kijiti hiki tumbo likikaa kulia ni b, likikaa kushoto ni kitu kingine kabisa! Macho yake mazima, akili yake nzima, anachoombwa ni kuacha mazoea aliyokuja nayo duniani. Wengi inaisha yenyewe wakishasoma mwaka mmoja miwili, ila ikizidi na kusoma kwenyewe kunamshinda, mpelekeni kwa wataalamu wamwangalie.

Msifundishe b na d siku moja. Anza na b mpaka izoeleke, mtoto aichore mchangani kwa kidole huku anatamka ba be bi bo bu kwa sauti, maana mkono hauchanganyi kama macho, kuchora b na kuchora d ni safari mbili tofauti. Kiswahili chetu kinasaidia sana hapa, kinavyoandikwa ndivyo kinavyosomwa. Mtoto anayejua Kiha tu muacheni apige makofi silabi za maneno ya Kiha kwanza, sauti ni sauti. Na jamani usingizi, mtoto anaamshwa saa tisa usiku kwenda mwaloni kusubiri dagaa, halafu mnashangaa ya jana kasahau, wakati usingizini ndipo ubongo unapoyashindilia yale ya mchana.

Juzi jioni mjukuu mdogo kaandika mchangani "dada kaenda mwaloni". Nikamuuliza dada gani, mbona wewe huna dada? Akayaangalia weee, akafuta matumbo yote mawili kwa kidole cha mguu, akayahamishia upande wa pili.