Susi Susanti ni wa Tasikmalaya

Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu tangu nikiwa kidato cha pili na sijawahi kuwaandikia hata mara moja. Lakini ile makala ya Jumamosi kuhusu mabingwa wa zamani wa badminton haimezeki. Mmemwita Susi Susanti "Mchina aliyeichezea Indonesia", halafu mkaongeza kuwa ni mke wa Alan Budikusuma. Basi, mkapita.

Susi alizaliwa Tasikmalaya, Java Magharibi, mwaka 1971. Tarehe 4 Agosti 1992 huko Barcelona, badminton ilipowaniwa kwa mara ya kwanza kama mchezo kamili wa Olimpiki, alifungwa seti ya kwanza ya fainali 5–11 na Bang Soo-hyun wa Korea Kusini. Akatulia. Akawa anarudisha kila kinyoya, kirefu hadi mstari wa nyuma, miguu ikitanuka mpaka paja linakaribia sakafu, mpaka mwenzake akachoka: 11–5, 11–3. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza kabisa ya Indonesia katika Olimpiki. Ya Alan, upande wa wanaume, ilikuja siku hiyohiyo, lakini ilikuja baada ya ya Susi. Na wakati huo walikuwa wachumba. Ndoa ni ya 1997. Kwa nini basi yeye ndiye atambulishwe kwa mume?

Hilo la mke ningelivumilia. Hilo la "Mchina" ndilo lililonitoa machozi, na nitawaeleza sababu. Mwaka jana nilimpeleka mwanangu kuchukua kitambulisho. Alivaa fulana ya timu ya kaunti aliyoichezea kwenye michezo ya shule, na hapo uwanjani hakuna aliyewahi kumuuliza babu yake ni nani. Afisa alimtazama usoni, akatazama jina, akataka cheti cha kuzaliwa cha babu. Nikamwambia babu alizaliwa nyumbani, mkunga akiwa jirani, na kaburi lake liko hapahapa Kisauni. Akazikunja karatasi zetu, akazisukuma zikarudi chini ya kioo. Tulirudi mara tano. Mtoto hakusema kitu njia nzima ya kurudi, na ile fulana hajaivaa tena. Sasa jueni kuwa Waindonesia wa asili ya Kichina kama Susi, hata waliozaliwa pale wao na wazazi wao, walidaiwa kwa miaka mingi karatasi iitwayo SBKRI ya kuthibitisha uraia, na mabingwa hawakusalimika. Amri ya rais ya 1996 iliifuta, ofisi zikaendelea kuidai. Hendrawan, bingwa wa dunia wa 2001, alihangaishwa na uraia mpaka Rais Megawati akaingilia kati, na mwaka 2002 ni Hendrawan huyohuyo aliyeshinda mechi ya mwisho iliyowapa Indonesia Kombe la Thomas, lile la dunia la timu za wanaume. Mei 1998, Jakarta ikiwaka moto na maduka ya Waindonesia wa asili ya Kichina yakiporwa, Susi alikuwa Hong Kong akiichezea nchi hiyohiyo Kombe la Uber, lile la timu za wanawake. Watu hawa wamedaiwa ushahidi wa kutosha na makarani. Gazeti letu lisiwe dirisha jingine la kuwarudishia karatasi.

Na tukiwa hapo, kurasa zenu za michezo zimekuwa za timu nne za Uingereza na majeraha ya magoti yao. Wasichana wanaofanya mazoezi ya badminton katika ukumbi wa jamii karibu na kwangu, wavu wao umeshonwa kwa uzi wa kushonea magunia, hawajawahi kuona mwandishi wenu. Wangemjua Susi, bingwa mara nne wa All England, yale mashindano makongwe ya badminton ya Uingereza, na wa dunia 1993, wangekuwa na mtu wa kumtazama.

Ninachoomba ni hiki. Msituwekee masahihisho ya mistari miwili pale chini ya bei za nyanya. Chapisheni picha ya jukwaa la Barcelona, Susi akilia bendera ikipanda, katika ukurasa uleule wa makala na kwa ukubwa uleule. Chini yake muandike: Susi Susanti, Tasikmalaya, Indonesia. Nitanunua nakala mbili, moja niwape wale wasichana waibandike ukumbini, nyingine niiweke chumbani kwa mwanangu.

Msomaji wenu tangu 1992,
Kisauni, Mombasa