Kwa nini tunatoza kuweka seva ilhali mfumo wenyewe ni wa bure

Swali hili halituishi, na juzi mteja mmoja aliliuliza kwa ukali mbele ya watu dukani: "Debian ni ya bure, nimeidanlodi mwenyewe kwa bando langu, hiyo elfu tatu ni ya nini?" Alijibiwa kwa heshima, ila aliondoka akiamini ameibiwa. Basi tunalijibu hapa.

Ni kweli, Debian, mfumo unaoendesha seva (kompyuta ya kuhifadhi na kuhudumia vifaa vingine), ni ya bure, na mwenzake Ubuntu Server pia. Hatujamuuzia mtu mfumo hata siku moja. Wapo wateja wetu wanaojiwekea wenyewe nyumbani, na kazi yao ni safi. Wanaoumia ni wa njia ya mkato, na mkato wenyewe karibu kila mara ni uleule: faili la ISO, lile unalodanlodi lenye mfumo, linakopiwa kwenye flashi hivihivi, flashi inachomekwa, kompyuta haioni kitu.

ISO ni nakala kamili ya diski nzima, pamoja na ile sehemu inayoielekeza kompyuta pa kuanzia. Huandikwa kwenye flashi kwa programu yake, Rufus au balenaEtcher, na programu hizo hufuta kwanza kila kilichomo (ndiyo, hata CV yako). Kuikopi tu ni kutia unga sahanini ukangoja chapati.

Mama mmoja mwenye vyumba vya wageni upande wa Casuarina alitaka seva ya kuhifadhi video za kamera zake. Kijana wake akakopi, mashine ikagoma. Wakalaumu flashi, wakanunua nyingine. Wakalaumu mashine, wakanunua ya mtumba, nayo ikagoma. Alipotuletea ile mashine ya kwanza, ilikuwa nzima kabisa. Tuliandika flashi upya, tukaingia kwenye BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, kabla mfumo haujawaka) kupanga flashi isomwe kabla ya diski, ikawaka. Hebu pigeni hesabu ya kompyuta ya mtumba na elfu tatu.

Kabla ya kuandika flashi tunahakiki faili. Debian na Ubuntu huweka kwenye tovuti zao alama ya SHA256 ya kila ISO, herufi na tarakimu 64 zinazokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe. Kwenye Windows unatumia amri ya certutil, unapata alama ya faili lako, unazilinganisha. Ikitofautiana hata herufi moja, faili si zima. Wateja wakituona tumekodolea macho safu hiyo hudhani tunavuta muda ili bei ipande.

Mpiga picha mmoja wa harusi hakuhakiki. Faili lake liliharibika njiani, kazi ikakwama katikati. Akadanlodi upya, na kwa hasira akachagua mfumo ufute na kutumia diski nzima bila kusoma ni diski ipi. Ilikuwa yenye harusi za watu. Tulichoweza kuokoa tuliokoa. Palipokwisha andikwa juu hapaokoleki, hata umpelekee fundi wa Mombasa. Alilipa mara kadhaa ya bei anayoilalamikia, na bado kuna maharusi hawajamsamehe.

Kwa hiyo elfu tatu yetu ni ya kupima afya ya diski, kutoa nakala ya vilivyomo, kuhakiki, kuandika, kusakinisha, na kuipa seva anwani isiyobadilika kwenye ruta. Halafu tunapanga BIOS ili stima ikirudi usiku wa manane mashine ijiwashe yenyewe. Tunaijaribu kwa kuchomoa waya makusudi, mbele yako. Anayekutoza nusu, muulize kama hilo analifanya.

Ukija, leta diski ya nje ya kuwekea nakala, na utuambie kila diski ina nini. Hatugusi kitu mpaka uhakikishe mwenyewe. Wateja wa Lamu, kazi tunakuja kufanya huko, ila nauli ya gari hadi Mokowe na ya boti ni juu yenu. Na feni tutazisafisha bila malipo, maana chumvi ya huko tunaijua.