Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Maktaba za Kaunti yetu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: MUHURI WA SHULE KWENYE FOMU YA KUAZIMA VITABU

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua 2 nilizoleta ofisini kwako tangu Januari hazijajibiwa, na kwa sababu ya jambo lililotokea Jumanne iliyopita ambalo siwezi kulinyamazia.

Mwanangu wa miaka 9, ambaye namfundisha nyumbani, alifika kwa mkutubi amekumbatia vitabu 3, akaambiwa avirudishe kwa kuwa fomu yake haina muhuri wa mwalimu mkuu. Mwalimu wake ni mimi, niliyekuwa nimesimama kando yake na kitambulisho mkononi. Mtoto alitoka analia.

Nadhani sharti hilo liliwekwa kwa kuhofia vitabu kupotea, na hofu hiyo naielewa. Ila mtoto anayejifunza kwa kufuata anachokipenda hategemei kitabu kimoja cha kiada. Wangu alianzia kwenye mzinga wa jirani, akaenda rafu ya 638 (maktaba hupanga vitabu kwa nambari za mada) kusoma ufugaji wa nyuki, akakuta kwamba nyuki aliyepata maua hurudi akacheza ili kuwaonyesha wenzake upande wa kwenda kwa kulinganisha na jua, basi akataka kulijua jua lenyewe, tukahamia 523. Masega yakamfikisha 516, kwenye jiometri, na siku hiyo alikaa mchana kutwa na kipimapembe akipima vijumba vya pembe 6, kila pembe ikikaribia nyuzi 120. Sikumlazimisha. Vitabu vyote hivyo siwezi kuvinunua, kwani bei ya kimoja chenye picha ni chakula chetu cha siku kadhaa, naye akikimaliza huwa ameshapata swali jingine.

Katiba ya Kenya ya 2010 ilizikabidhi kaunti maktaba, na Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi. Nawe, ulipozindua chumba cha watoto, ulituahidi wazazi kwamba hakuna mtoto atakayerudishwa mikono mitupu. Nilikuwepo, na nilikuamini.

Ninachoomba ni kimoja: sahihi ya mzazi mwenye kitambulisho ikubaliwe badala ya muhuri wa shule. Ukitaka amana, nitaiweka. Kitabu kikipotea, nitakilipa. Sahihi ya mzazi tu, Mheshimiwa. Mwanangu ameandika nambari za vitabu vile 3 kwenye daftari lake, na kila asubuhi huniuliza kama umejibu.

Wako mtiifu,
Mama anayefundisha nyumbani