Oda moja, mifuko sitini: kwa nini tovuti yako lazima imhamishe mteja akishabonyeza "Tuma"

Mama mmoja anayeuza unga wa mahindi kwa jumla kwenye soko la Kenya, hapa Lubumbashi, alitupigia simu asubuhi kabla hatujafungua ofisi. "Mwanangu, komande moja imeingia mara tatu," alisema. "Vijana wamekwisha kupakia mifuko sitini kwenye gari, na papa wa Likasi ananiambia yeye aliomba ishirini tu. Sasa nimwamini nani, yeye au mashine yenu?"

Tulifungua kumbukumbu za seva, ile kompyuta inayoendesha tovuti yake, tukampigia mama: mwamini papa, na gari lisitoke. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa pale. Papa alijaza fomu usiku, akabonyeza "Tuma" mara moja, akaona maneno ya asante. Baada ya dakika mbili akauburuta ukurasa chini kwa kidole, kama sote tunavyofanya tukitaka kuona kama kuna jipya. Simu ikamwuliza kwa Kifaransa: "Confirmer le nouvel envoi du formulaire". Akakubali. Nani asingekubali? Mtu anataka unga wake, simu inamwuliza kama anathibitisha, anathibitisha. Karibu na kulala akaifungua simu tena, ukurasa ukawa umepotea, akaupakia upya, akaulizwa vilevile, akajibu vilevile. Ishirini mara tatu.

Tovuti ile hatukuijenga sisi, lakini tulikuwa tumepokea kazi ya kuitunza, na kosa hilo lilikuwa mbele ya macho yetu muda wote. Tangu siku hiyo ndilo jambo la kwanza tunalolikagua kwenye tovuti yoyote inayoletwa kwetu. Tunaliandika hapa ili nanyi mlijue, maana linagusa pesa zenu.

Tovuti za biashara tunazozitunza karibu zote ni za aina moja: ukurasa hupikwa kwenye seva na kuletwa kwenye simu ukiwa umeiva. Simu haina kazi kubwa ya kufanya. Tunapenda njia hii kwa sababu wateja wenu wengi wana simu za bei ndogo na wananunua mega kidogo kidogo, na ukurasa ulioiva hula mega chache. Ila ina sharti lake. Kila mtu anapobonyeza kitufe, seva hujibu, na ni lazima ijue kama jibu lake ni "huu hapa ukurasa" au "nenda kule".

Fikirieni depo yenye madirisha mawili. Kwenye dirisha la kwanza unasema unachotaka na kulipa. Keshia anaandika, anakukatia boni yenye namba, anakuambia: "Papa, pita dirisha la pili." Kwenye dirisha la pili unaonyesha boni, unauliza mzigo wako umefika wapi. Unaweza kuuliza mara kumi, hakuna atakayekuongezea mfuko, kwa sababu pale watu husoma boni tu, hawaandiki komande mpya. Sasa chukueni depo ambayo keshia hamwambii mtu apite. Anamjibu "asante" na kumwacha amesimama palepale. Kila mara mteja akisema "samahani, vipi kuhusu ile ishirini yangu?", keshia anaandika ishirini nyingine.

Tovuti ya mama ilikuwa depo hii ya pili. Ilipokea oda na kuandika asante kwenye anwani ileile iliyopokea fomu. Kwa kivinjari cha simu, yaani programu inayofungua tovuti, kuupakia upya ukurasa ule kulikuwa na maana moja tu: kutuma fomu tena.

Dawa yake inajulikana tangu zamani. Seva ikishaiandika oda kwenye hifadhidata, isichore ukurasa wowote. Ijibu kwa msimbo wa 303 pamoja na anwani mpya, kwa mfano anwani ya oda namba 418. Kivinjari kinakwenda chenyewe kwenye anwani ile, kinauomba ukurasa wa oda 418, na mteja haoni hata kama amehamishwa. Kuanzia hapo akiuburuta ukurasa mara mia, anasoma boni yake mara mia. Swali lile la Kifaransa halitokei tena.

Hizi namba zinahitaji maneno kidogo, kwa sababu mafundi wengi huzichanganya, na hasara inamwangukia mwenye duka. Kila jibu la seva hubeba namba ya tarakimu tatu. 404 mnaijua, ni ukurasa usiopatikana. Zile zinazoanza na 3 nyingi zina maana ya "siyo hapa, nenda pale". 302 ni ya zamani, na kanuni zake ziliandikwa kwa namna ambayo vivinjari havikuifuata: kanuni ilitaka kivinjari kirudie ombi lilelile kwenye anwani mpya, vivinjari vikawa vinaiacha fomu na kuomba ukurasa tu. Ndiyo maana toleo la 1.1 la itifaki ya HTTP, zile kanuni za mazungumzo kati ya kivinjari na seva, likaleta 303, na baadaye 307, ili kila moja iseme jambo moja waziwazi. 303 inasema: mzigo wako tumeupokea, uache hapa, nenda kule mikono mitupu. 307 inasema: beba mzigo wako uleule, uende nao. Fundi akiweka 307 mahali pa 303, oda iliyokwisha kuandikwa inabebwa tena na kupelekwa kwenye anwani ya pili. Kwa fomu ya oda sisi tunaweka 303 na hatubahatishi.

Lakini kuhamisha peke yake hakutoshi hapa kwetu, na hili tunalisema kwa sababu wengine huuza dawa hii kama inaponya kila kitu. Umeme unakatika, mtandao unashuka. Mteja anabonyeza "Tuma", oda inafika na kuandikwa, halafu jibu la 303 linapotea njiani. Mteja anaona duara linazunguka tu, anabonyeza tena. Keshia alikwisha kuandika, ila sauti yake haikufika. Kwa hiyo kila fomu tunayoitoa tunaipa namba yake ya siri, isiyofanana na ya fomu nyingine, tangu inapofunguliwa. Oda ikija na namba ambayo seva imekwisha kuipokea, seva haiandiki kitu, inamwelekeza tu mteja kwenye boni yake ya mwanzo. Depo ya mama sasa ina vitu hivi viwili pamoja, na huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine.

Upande wa pesa kuna kosa kubwa zaidi ya hili. Mteja analipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kisha anarudishwa kwenye ukurasa wenu wa "malipo yamepokelewa". Kuna tovuti zinazohesabu kurudi huko kuwa ndiyo uthibitisho: mtu akifika kwenye ukurasa wa asante, oda inaandikwa imelipwa. Wenye biashara, ukurasa wa asante si pesa. Ni anwani tu, na yeyote anayeijua anaweza kuiandika kwenye simu yake bila kulipa faranga hata moja. Na kinyume chake hutokea pia: mtu aliyelipa kweli, mtandao ukamkatikia kabla hajarudi, akabaki anadaiwa. Uthibitisho lazima utoke kwa kampuni ya malipo yenyewe moja kwa moja hadi kwenye seva yako, bila kupitia mkononi mwa mnunuzi. Ukurasa wa kurudi kazi yake ni kumwonyesha mteja hali ilivyo: imelipwa, au bado tunasubiri.

Kuna kuhama kwa siku moja na kuhama kwa kudumu. Depo ikiandika kwa chaki mlangoni "leo tuko kwa jirani", kesho utarudi kuangalia mlango uleule. Lakini mji wetu ulipoacha kuitwa Élisabethville mwaka 1966 ukawa Lubumbashi, na Jadotville ikawa Likasi, hilo halikuwa la siku moja. Namba 302 na 307 ni chaki mlangoni. Namba 301 na 308 ni jina la mji: kivinjari kikishaambiwa 301 kinaweza kuiweka kichwani, na mara nyingine hakirudi tena kuuliza.

Sisi wenyewe tuliwahi kumkosea mteja hapa. Duka la vipuri lilifunga siku tatu kwa ajili ya inventeri, tukauelekeza ukurasa wa bidhaa kwenye tangazo la "tumefunga" kwa kutumia 301. Siku ya nne tukaondoa maelekezo, duka likafunguka, kwenye kompyuta zetu kila kitu safi. Lakini baadhi ya simu za wanunuzi ziliendelea kuwapeleka kwenye tangazo, kwa sababu zilikuwa zimekwisha kukariri. Huwezi kuingia kwenye simu ya mtu na kumfutia kumbukumbu. Tulilazimika kuuweka ukurasa wa bidhaa kwenye anwani nyingine na kuuelekeza ule wa tangazo huko. Tulimwomba mwenye duka radhi na hatukumtoza kazi hiyo.

Kwa kazi yake halisi, 301 ni hazina. Mkibadilisha tovuti, anwani za zamani ziko kila mahali: kwenye karatasi mlizogawa, kwenye meseji za WhatsApp, kwenye Google. Kila moja ielekezwe kwenye ukurasa mpya unaolingana nayo, ukurasa wa simenti uende kwa simenti, siyo zote kutupwa kwenye ukurasa wa mbele. Google wanashauri maelekezo haya yabaki angalau mwaka 1. Sisi tunayaacha kwa muda wote tunaotunza tovuti.

Sasa mlango wa kuingia. Mnamtumia mteja kiungo cha fakitira yake, anakigusa, bado hajaingia kwa neno lake la siri. Seva inampeleka kwanza kwenye ukurasa wa kuingia, na inapaswa kukumbuka alikuwa anakwenda wapi ili akishaingia imfikishe kwenye fakitira. Tovuti nyingi humtupa kwenye ukurasa wa mbele aanze kutafuta. Huo ni usumbufu tu. Hatari iko kwenye namna ya kukumbuka. Mara nyingi anwani ya kurudia huandikwa ndani ya kiungo chenyewe, na kilichoandikwa kwenye kiungo mtu yeyote anaweza kukibadilisha. Mwizi anatengeneza kiungo kinachoanza kwa jina la duka lako, jina ambalo wateja wanaliamini, lakini mwishoni ameweka anwani yake. Mteja anaingia kwako kweli, kwa neno lake la siri la kweli, kisha tovuti yako yenyewe inamkabidhi kwa mwizi, kwenye ukurasa uliochorwa ufanane na wako, unaomwomba namba ya siri ya M-Pesa. OWASP, shirika la kimataifa la usalama wa programu za wavuti, liliuweka udhaifu huu kwenye orodha yake ya hatari kumi kubwa mwaka 2010 na tena mwaka 2013.

Kinga ni kukataa anwani yoyote ya kurudia isiyo ya ndani ya tovuti yako. Na ukaguzi huo uwe wa makini: wengine huangalia tu kama anwani inaanza kwa mkwaju (/), wakidhani hiyo ni ya ndani, kumbe anwani inayoanza kwa mikwaju miwili (//) inamtoa mtu nje kabisa.

Mengine nayataja kwa haraka. Maelekezo yakifuatana, kila moja ni safari nzima kutoka simu hadi seva na kurudi. Mtu aandike jina la duka, ahamishwe kwenda anwani salama, kisha kwenye yenye www, kisha kwenye lugha, kisha kwenye ukurasa wa mbele: safari nne kabla hajaona herufi moja. Tunazifanya kuwa moja. Na kurasa mbili zikielekezana zenyewe kwa zenyewe, kivinjari hukata tamaa na kusema tovuti "vous a redirigé à de trop nombreuses reprises". Tumeliona sana pale ukurasa wa kuingia wenyewe ulipofungiwa nyuma ya sharti la kuwa umekwisha kuingia.

Kama tovuti yenu imeandikwa kwa PHP, moja ya lugha za programu, na kijana wenu ndiye anayeitunza, mwambieni mambo mawili. Maelekezo yatoke kabla ya herufi yoyote ya ukurasa, hata nafasi tupu moja juu ya faili inaweza kuyazuia. Na baada ya kuandika Location, mstari unaobeba anwani mpya, asimamishe programu kwa amri ya exit. Asipoisimamisha, sehemu iliyobaki inaendelea kufanya kazi, na mtu asiye na ruhusa aliyeambiwa "nenda ukaingie kwanza" anatumiwa ukurasa wa siri uleule, nyuma ya maelekezo. Kivinjari hakiuonyeshi. Anayejua pa kuangalia anausoma wote.

Leo jioni fungueni tovuti yenu kwenye simu, tumeni oda ndogo ya majaribio, na ukurasa wa asante ukitokea, uburuteni chini. Simu ikiuliza lile swali la kutuma fomu upya, jibuni hapana, pigeni picha ya skrini, mtuletee pamoja na jina la aliyeijenga kama bado mnawasiliana naye, kwa maana mara nyingi tunamaliza haraka tukishirikiana. Kuangalia hatutozi. Kurekebisha tunataja bei baada ya kuona msimbo wa tovuti, siyo kabla, na mama wa unga anaweza kuwaeleza ilituchukua muda gani kwake.