Chumvi itoke kwanza: kuandaa protini kwa spektrometa ya masi na kipimo cha mwendo wa ioni

Mteja anapoingia na tyubu ya protini mkononi, swali lake la kwanza huwa ni majibu yatatoka baada ya siku ngapi. Letu ni jingine: unataka kujua nini? Protini ileile huandaliwa kwa njia tofauti kutegemea swali, na ukishaiandaa kwa njia moja, mara nyingi hakuna kurudi nyuma. Kama unataka kujua ni protini gani, tunaikatakata. Kama unataka masi yake kamili, tunaikunjua kwa asidi. Kama unataka umbo lake, au kujua imeshikamana na nini, basi isiguswe na asidi, joto wala alkoholi. Hapo ndipo kipimo cha mwendo wa ioni, yaani molekuli zenye chaji ya umeme, kinapoingia.

Kazi yetu inaishia wapi, tuseme mapema. Hapa Mbeya tunasafisha sampuli, tunapima kiasi, tunafungasha na kusafirisha, kisha majibu yakirudi tunakaa na mteja kuyasoma. Mashine yenyewe iko kwenye maabara tunazoshirikiana nazo nje ya mkoa. Muda wa mashine ni ghali, na sampuli chafu inalipiwa sawa na safi. Fedha ya mteja inaokolewa au inapotea huku kwetu, kabla boksi halijafungwa.

Mashine inaona nini

Spektrometa ya masi haiweki protini kwenye mizani. Inaipa chaji ya umeme, inaiingiza kwenye ombwe, kisha inapima masi ikiwa imegawanywa kwa idadi ya chaji. Chukua lisozimu ya ute wa yai la kuku, yenye masi ya Dalton 14,305 hivi (Dalton moja ni karibu masi ya atomu moja ya haidrojeni). Ikibeba chaji 8 itaonekana karibu na 1,789; ikibeba 9, karibu na 1,590. Vilele viwili kwenye grafu, protini moja. Programu ndiyo inayoirudisha safu nzima ya vilele kwenye masi moja.

Idadi ya chaji nayo ni habari. Protini iliyojikunja vizuri ina uso mdogo, hivyo hubeba chaji chache. Iliyokunjuliwa kwa asidi hubeba nyingi. Ubikwitini, protini ndogo ya Dalton 8,565, ikitoka kwenye myeyusho mpole huonekana na chaji 4 hadi 6. Ukiikunjua kwa asidi inaweza kufika 13. Ukiona vilele vyako vimetawanyika upande wa chaji nyingi ilhali uliomba umbo la asili, protini imeharibika kabla haijapimwa, na hakuna haja ya kuendelea na kipimo cha umbo.

Sasa mwendo wa ioni. Ioni zinaingizwa kwenye mrija wenye gesi, heliamu au nitrojeni, na uga wa umeme unazisukuma mbele. Iliyojikunja inagongana na gesi mara chache na kufika mapema. Iliyotanuka inagongwa sana na kuchelewa. Tofauti hizo ni za milisekunde, lakini mashine inazisoma bila shida. Muda huo wa kufika ndio unaogeuzwa kuwa eneo la mgongano, linaloandikwa kwa angstromu mraba.

Faida yake kubwa ni pale masi peke yake inapogoma. Lisozimu moja yenye chaji 8 na mbili zilizoungana zenye chaji 16 zinaangukia namba ileile, 1,789. Kwenye spektra ya kawaida zimelaliana, na mteja anaweza kuondoka akiamini protini yake haiungani. Kwenye mrija wa gesi zinaachana, na iliyoungana ndiyo inayotangulia kufika ingawa ni kubwa. Sababu ni kwamba chaji imeongezeka mara mbili kamili, wakati eneo linalogongwa na gesi limeongezeka mara 1.6 hivi tu. Nguvu ya kuvuta imezidi ukinzani. Kwa hiyo usisome muda wa kufika kama kipimo cha ukubwa bila kwanza kuuliza ioni hiyo ina chaji ngapi. Hili tunalirudia kwa kila mteja kwa sababu linapotosha hata watu waliosoma.

Namba zilizopimwa kwenye heliamu hazilinganishwi na za nitrojeni. Molekuli ya nitrojeni ni kubwa na inavutwa zaidi na chaji, hivyo eneo linatoka kubwa zaidi. Na kama mashine ni ya mawimbi yanayosafiri, muda wa kufika haugeuki kuwa eneo mpaka ipimwe kwanza kwa protini zinazojulikana, kama sitokromu c, mayoglobini au ubikwitini yenyewe. Dai jina la gesi na majina ya protini hizo kwenye ripoti yako. Bila hayo, namba ya eneo haina thamani kwenye tasnifu.

Kuna wanaouliza kama protini inabaki na umbo lake ikiwa haina maji. Kwa milisekunde hizo, ikishughulikiwa kwa upole, sehemu kubwa ya umbo hubaki. Volti ya kugonganisha, inayorusha ioni kwa nguvu kwenye gesi, ikipandishwa, protini inafumuka hatua kwa hatua, na kufumuka huko nako kunaweza kupimwa: iliyoshikamana na dawa au metali mara nyingi huhitaji volti zaidi ili ifumuke. Kwa swali la "je, kiambato changu kinaikaza protini?", omba volti ipandishwe kwa hatua, si kipimo kimoja.

Chumvi ndiyo inayoharibu kazi

Bafa nyingi za maabara (myeyusho wa kutuliza pH) na viongezwa vyake ni sumu kwa kazi hii: fosfeti, Trisi, HEPES, chumvi ya mezani, gliseroli. Haziyeyuki hewani tone linapokauka, hivyo zinaganda juu ya protini. Sodiamu moja ikichukua nafasi ya haidrojeni inaongeza Dalton 22, potasiamu inaongeza 38. Zikishika kwa idadi tofauti tofauti, kilele kimoja chembamba kinageuka mlima mpana usio na ncha.

Kwa umbo la asili tunahamishia protini kwenye amoniamu asetati, milimola 100 hadi 200, pH karibu na 6.8. Hii huyeyuka hewani yote. Tunatumia kichujio cha sentrifyuji cha mikrolita 500, chenye tundu la kilodalton 10 kwa protini ya kilodalton 20 na kuendelea. Kichujio kipya kina mabaki ya gliseroli, kwa hiyo kwanza kinasuuzwa kwa amoniamu asetati ileile. Kisha protini inawekwa, inazungushwa kwa 14,000 g hadi zibaki mikrolita 50, inajazwa tena hadi 500, inazungushwa tena. Kila mzunguko unapunguza chumvi mara kumi. Mizunguko mitano inaishusha chumvi ya milimola 150 hadi mikromola 1.5. Mitatu haitoshi, hata kama mkono umechoka.

Angalia: 14,000 ni g (mara ya uvutano wa dunia), si mizunguko kwa dakika. Rota yenye nusukipenyo cha sentimita 8 inahitaji mizunguko kama 12,500 kwa dakika kufika hapo. Ukizungusha kidogo mno unaketi saa nzima, na protini inaganda kwenye utando.

Sabuni za maabara, Tween na Triton, hazitoki kwa njia hii. Molekuli zake hujikusanya makundi makubwa yanayobaki juu ya kichujio pamoja na protini. Dalili yake ni ngazi ya vilele vinavyopishana kwa Dalton 44. Ukiweza, usiiweke sabuni tangu mwanzo. Ukishaiweka, tuambie, tutatafuta safu (mrija wenye chembe za kutenganisha) ya kuiondoa kabla ya mengine yote.

Tunachohitaji mwishoni ni mikrolita 20 hadi 50 zenye mikromola 5 hadi 10. Kwa protini ya kilodalton 14, mikromola 10 ni miligramu 0.14 kwa mililita. Mashine hutumia mikrolita chache tu kwa kila kipimo. Zilizobaki ni akiba ya kurudia.

Maziwa na tofauti ya Dalton 40

Wafugaji wanauliza sana kuhusu maziwa ya A1 na A2, na ni mfano mzuri wa kwa nini tunasumbuka na chumvi. Tofauti iko kwenye beta-kasini, protini ya maziwa: ya A2 ina asidi amino ya prolini kwenye nafasi ya 67. Ya A1 ina histidini. Kubadilika huko kunaongeza Dalton 40: kutoka takriban 23,983 hadi 24,023. Sasa kumbuka potasiamu, inayoongeza 38. Kalsiamu nayo, ikiondoa haidrojeni mbili, inaongeza 38. Lita ya maziwa ya ng'ombe ina potasiamu karibu gramu 1.5 na kalsiamu zaidi ya gramu moja. Sampuli isiyosafishwa ya ng'ombe wa A2 halisi inaweza kutoa kilele kidogo pembeni kinachofanana na A1, na mfugaji akaambiwa ng'ombe wake ni chotara wa aina zote mbili.

Hapa hatutumii amoniamu asetati. Umbo halitakiwi, ni masi tu. Mafuta yanaondolewa kwa sentrifyuji kwenye baridi, kasini inakunjuliwa kwa kemikali za guanidini na DTT, kisha inapitishwa kwenye safu ya kromatografia ikisukumwa na asidi fomiki na asetonitraili, ambayo inaacha chumvi nyuma. Lete maziwa ya ng'ombe mmoja mmoja, mililita 10 zinatosha, yaliyopozwa mara baada ya kukamua. Ya kwenye keni ya ushirika yatakupa wastani wa zizi zima.

Na kama unachotaka ni kujua tu ng'ombe yupi umzalishe, kipimo cha DNA cha nywele za mkia kinafaa zaidi na ni nafuu. Tutakuelekeza huko. Kipimo cha protini kinafaa unapotaka kujua kilichomo kwenye chupa.

Za kukatwakatwa

Kwa kutambua protini, kimeng'enya cha tripsini huikata baada ya asidi amino za lisini na ajinini, kwa uwiano wa tripsini 1 kwa protini 50, nyuzi 37, saa 16. Umeme ukikatika usiku inkubeta ikapoa, mkato unabaki nusu na peptidi, yaani vipande vya protini, zinatoka ndefu kuliko kawaida. Tunaandika saa halisi, na mkato tunauendeleza. Urea, ikitumika kukunjua protini, isipashwe zaidi ya nyuzi 37, kwani inabandika Dalton 43 kwenye protini.

Kama umeitenga kwa jeli kabla ya kutuletea, kumbuka mwinuko wetu. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Maelekezo ya kupasha protini kabla ya jeli yanayosema nyuzi 95 hayatimizwi kwa sufuria ya maji. Tumia hita ya tyubu na ubane vifuniko. Juni na Julai kuna jambo la pili: sweta za sufu. Sufu ni keratini, sawa na nywele na ngozi, na uzi mmoja ukidondoka kwenye jeli unaweza kuifunika protini yako. Koti la maabara lifungwe hadi juu, glavu zifunike mikono ya koti.

Safari

Peptidi zilizokaushwa ndizo rahisi. Zinavumilia siku chache bila barafu. Sampuli ya umbo la asili haikaushwi. Inagandishwa ghafla kwa nitrojeni kimiminika katika vijifungu vidogo ili isigandishwe na kuyeyushwa mara mbili, na inasafiri kwenye barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa. Boksi hutumia kilo 2 hadi 5 za barafu hiyo kwa siku kutegemea unene wake, na lisizibwe kabisa, maana gesi inayotoka inaweza kulipasua. Kwa ndege kutoka Songwe hubandikwa alama ya UN1845, namba ya barafu kavu, na uzito wa barafu. Kwa basi, fungasha kwa joto la Mikumi na Morogoro, si kwa baridi ya Makambako.

Sampuli za binadamu haziondoki nchini bila makubaliano ya kuhamisha sampuli na idhini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Anza mapema, kabla hata ya kukusanya damu. Unapotuandikia, taja jina la protini na masi unayoitarajia, bafa iliyomo sasa na kila kilichowahi kuwekwa ndani, sabuni ikiwemo, kiasi kwa mikrolita, na swali lako kwa sentensi moja. Majibu yakirudi utapewa mafaili ghafi ya mashine pamoja na ripoti. Yahifadhi yote mawili, kwa sababu mtahini akihoji kilele, ni faili ghafi litakalofunguliwa.