Magamba ya silikanti yamesema, mvuvi hajaambiwa

Mhariri,

Mimi ni mchuuzi wa samaki hapa Mombasa, huu mwaka wa 22. Kila asubuhi napaa changu na tewa, magamba yakinigandia mpaka viwikoni, na sikuwahi kuyatazama. Juzi niliyatazama. Niliinua gamba moja la tewa kwenye mwanga wa mlango nikaona mistari, duara ndani ya duara, kama gogo lililokatwa.

Kilichonifanya nitazame ni utafiti alionisomea mwanangu kuhusu silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Si mgeni kwetu. Mwaka 2001 alinaswa nje ya Malindi, na ndugu zetu wa Tanga wamempata mara nyingi tangu miaka ile. Wangazija humwita gombesa.

Watafiti wa Ufaransa walichukua magamba ya silikanti 27 wa Komoro wakayamulika chini ya hadubini kwa mwanga wa namna ya pekee. Zamani ilihesabiwa mistari minene tu, ikasemwa huishi miaka 20 hivi. Mwaka 2021 ikabainika kwamba katikati ya minene ipo myembamba, na kila mmoja ni mwaka. Hesabu yote ikapinduka: samaki huyu huenda akafikisha miaka 100. Jike hazai mpaka apindukie miaka 50, na mimba hukaa nayo kama miaka mitano. Miaka mitano, Mhariri! Mimi nimezaa wanne, nikasikia uchungu kwa ajili ya samaki.

Nilimsimulia kijana anayeniletea papa anaowanasa kwa jarife, wavu wa samaki wakubwa. Akasema, "Mama, sisi tunajua jarife likishuka chini sana ndiko kwenye papa wakubwa. Hayo mengine nani aje kutwambia huku?"

Nilikosa jibu. Na jarife hilohilo la kina kirefu ndilo lililowanasa wengi wa Tanga. Nyama ya silikanti imejaa mafuta, haina soko. Basi anauawa mzazi wa miaka sitini na watoto tumboni, na mvuvi harudi nyumbani na kitu.

Wala si habari za samaki tu zisizotufikia. Watoto wa Kilifi walikuwa miongoni mwa zaidi ya 4,800 walioshiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya R21, ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike Oktoba 2023. Nina wateja wa huko ambao habari hiyo waliisikia kwangu, mezani pa samaki.

Ombi langu kwako ni robo ya ukurasa kila wiki kwa utafiti wa viumbe, kwa Kiswahili cha kueleweka. Kwa watafiti wanaokuja na rula na mizani kutupimia samaki: andikeni, lakini mrudi na majibu. Msije alfajiri, wakati mashua zinashusha na kila mtu ana haraka. Kusi likivuma, vyombo hukaa pwani na watu hushinda chini ya miti wakishona nyavu. Njooni wakati huo, na mje na hilo gamba tulione.

Mchuuzi wa samaki,
Mombasa