Usiwatenge sisimizi wako

Zuhura rafiki yangu,

Salamu sana. Huku tu wazima, hofu ni kwako. Lawama zako za ukimya wangu Kombo kanifikishia, na chumvi kaongeza, unamjua.

Kilichonishikisha kalamu ni jaribio lako. Eti utawapaka sisimizi kuvu, kisha kila mmoja umtie kwenye chupa yake uone nani anastahimili? Hapana, bwana! Au fanya, ila weka na kundi jingine la wanaoishi na wenzao. La sivyo utapima upweke, uuite udhaifu wa mwili.

Spora, yaani mbegu, za Metarhizium, kuvu inayoua wadudu, zikimtua sisimizi mgongoni haziingii papo hapo. Huchukua muda kujishikiza na kutoboa gamba. Muda huo ndio wenzake wanaoutumia. Humzunguka, wakamlamba kuanzia miguu hadi vipapasio, wakazikusanya spora mdomoni na kuzitema. Wa kwako aliye chupani, mgongo atalambwa na nani? Wangu mwenyewe siufikii hata kwa kujikuna.

Tena walambaji nao hubadilika. Mwaka 2012 Konrad na wenzake walionyesha kwamba sisimizi wa aina ya Lasius neglectus wanaomhudumia mwenzao huambukizwa kidogo tu, kinga zao zikaamka kama za waliochanjwa. Kwa hiyo hata mzima, ustahimilivu wake unategemea amekaa na nani. Chupa yako itaonyeshaje hilo?

Usidhani ni huruma tupu, lakini. Pupa, yaani mtoto aliye kifukoni akigeuka sisimizi kamili, akishaambukizwa, wakubwa humtoa kwenye kifuko chake, wakamtoboa na kummiminia asidi mpaka afe, na kuvu ife naye. Mwajuma kasema hao ni mawifi zake watupu. Niyaache hayo.

Na kukaa pamoja si kubanana. Katika utafiti wa 2018, sisimizi wa aina ya Lasius niger walibandikwa alama mgongoni wafuatwe na kamera. Kuvu ilipoingia, waliopakwa walijitenga, na hata wasiopakwa wakapunguza kukutana na makundi mengine ya kazi. Malkia akapata spora chache. Ndiyo maana nakusihi, wape nafasi ya kukaribiana na ya kukwepana. Chupa moja iliyojaa nayo haifai.

Sasa niambie: umeshaanza, au nimewahi? Wote wametoka kiota kimoja? Maana ukichanganya viota wataumana kabla kuvu haijafanya lolote. Mabuu unao? Wafu unawaondoa wewe au unawaacha wenzao wawatupe? Na chupa zenyewe, si zile nilizokuazima?

Wako,
Rehema